Kujitegemea na Kusukumwa

Je, mtu aliyefika mwisho wa safari bila kusaidiwa na yeyote amefika vizuri zaidi kuliko yule aliyesukumwa? Ukimwuliza mwanafunzi wa darasa la tano atajibu upesi kwamba ndiyo, kwa sababu tangu utoto tumewafundisha kusifu bidii na kuuchukia uvivu. Ukimwuliza mkulima wa Kaniha aliyepandisha mlima na magunia mawili ya mahindi juu ya baiskeli, huenda akakutazama kwanza, kisha akakuuliza kama wewe umewahi kupandisha mlima na magunia mawili. Mimi nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 35, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Neno kujitegemea nimelitamka mbele ya watoto mara nyingi kuliko neno lolote, ukiacha labda neno nyamazeni. Nataka kulichunguza neno hilo hapa, na nitalichunguza kwa njia ya baiskeli, kwa kuwa ni chombo ninachokifahamu, na kwa kuwa ni baiskeli iliyonilazimisha kulifikiria upya.

Mjukuu wangu mmoja, anayefanya kazi Mwanza, ni mpenzi mkubwa wa baiskeli za milimani. Ni baiskeli zenye fremu nyepesi, matairi mapana yenye meno, gia nyingi, na shokomzoba kwenye uma wa mbele. Akija likizo huondoka alfajiri akafuata njia za ng'ombe na za wachoma mkaa mpaka ndani porini, akarudi saa nne ametapakaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mchana kutwa huifungua baiskeli yake uani, akasugua mnyororo kwa mswaki, akapima breki, akazungusha gurudumu na kulitega sikio kama daktari. Majirani humwuliza alikwenda porini kuchukua nini. Akiwajibu kwamba hakwenda kuchukua kitu, hucheka kwa adabu na kubadili mazungumzo.

Kijana huyu anajiandaa kwa mbio za masafa marefu ambazo mpandaji hupita mamia ya kilomita mchana na usiku, barabara za lami na za udongo, bila gari la kumfuata nyuma. Alinieleza sheria yake kuu. Kila mtu hubeba vifaa vyake, huitengeneza baiskeli yake mwenyewe, hujitafutia chakula na mahali pa kulala. Anaruhusiwa kununua chochote ambacho mshindani mwingine yeyote angeweza kukinunua njiani. Haruhusiwi kupokea kitu alichoandaliwa na ndugu au rafiki. Akaniambia, "Babu, ukinunua chapati hotelini ni sawa. Shangazi akikungoja barabarani na chapati, umeiba."

Maneno hayo nimeyatafuna kwa miezi mingi. Shangazi aliyeamka usiku akakanda unga anamfanya mpwa wake kuwa mwizi, lakini mwenye hoteli asiyemjua hata jina anamwacha kuwa mtu anayejitegemea. Tofauti kati ya chapati hizo mbili ni noti moja tu.

Sisemi kwamba sheria hiyo haina maana. Mbio za namna hii sasa zimeenea duniani. Huko Amerika ya Kaskazini yapo mashindano yaitwayo Tour Divide, yanayofuata milima kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Meksiko, zaidi ya kilomita 4,000. Mwaka 2013 Mwingereza mmoja, Mike Hall, alianzisha mbio za kuvuka bara la Ulaya, na zile za kwanza zilitoka London hadi Istanbul. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo tu ya Mto Kagera ukivuka Rusumo, wamekuwa tangu mwaka 2020 na mbio za kuizunguka nchi yao, kama kilomita 1,000 za vilima. Kote huko washindani hujitegemea, na sababu yake ni ya haki kabisa. Bila sheria hiyo, mwenye magari matatu, mpishi na fundi angemshinda maskini mwenye miguu mizuri. Sheria inawashusha wote wasimame mahali pamoja. Tena katika baadhi ya mbio hizo hisani ya mpita njia, ambayo mshindani hakuipanga, husamehewa. Kama ni mchezo, basi mchezo una mipaka yake, na mwalimu yeyote aliyewahi kupuliza kipyenga anajua kwamba mchezo usio na mipaka ni vurugu.

Wasiwasi wangu huanza pale sheria ya mchezo inapotoka uwanjani na kuwa kipimo cha maisha. Kabla ya kufika huko, nikuombe msomaji unisikilize kisa kimoja cha zamani kutoka Ufaransa.

Mwezi wa Julai mwaka 1913, katika mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, alikuwamo mpanda baiskeli aitwaye Eugène Christophe, mmoja wa waliotazamiwa kushinda mwaka ule. Alipokuwa akiteremka mlima Tourmalet, uma wa mbele wa baiskeli yake ulivunjika. Wakati huo sheria ilimkataza mshindani kubadili baiskeli au kusaidiwa na mtu. Christophe akaibeba baiskeli begani akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, mahali palipokuwa na kiwanda cha mhunzi. Mhunzi alikuwapo, moto ulikuwapo, nyundo zilikuwapo, lakini mhunzi hakuruhusiwa kugusa chuma kile. Wasimamizi wa mashindano walisimama pale wakimwangalia Christophe akifua uma wake mwenyewe kwa muda mrefu. Mikono yake miwili ilikuwa kazini, na moto ukahitaji upepo. Basi mtoto mmoja wa pale akamvukutia mvukuto. Kwa kosa hilo Christophe aliandikiwa adhabu ya dakika 10, ambazo baadaye zilipunguzwa zikawa 3. Matumaini ya ushindi yalikwisha, lakini alifika Paris akiwa wa 7.

Watu wa michezo husimulia kisa hiki ili kusifu moyo wa Christophe, na anastahili sifa. Mimi humfikiria mtoto. Na wale wasimamizi wenye saa mkononi huwafikiria pia. Waliona vizuri: ni kweli kwamba Christophe alisaidiwa. Lakini waliona msaada mmoja tu kati ya mingi. Nani aliyejenga tanuri lile? Nani aliyechimba makaa? Christophe alikuwa amejifunza kazi ya makufuli katika ujana wake, ndiyo maana alijua kukifua chuma. Nani alisimama nyuma yake siku ya kwanza aliposhika nyundo vibaya, akamgeuzia mkono? Hao wote hawakuandikwa, kwa kuwa msaada wao ulikwisha kuingia ndani ya mwili wake, na kilichoingia mwilini tunakiita changu.

Wazee wa mkoa wetu wa Kagera wangecheka kusikia adhabu ile. Chuma kimeyeyushwa katika nchi hii tangu zamani sana. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walichimba Katuruka karibu na Bukoba, wakakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 1,500. Tena katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu hao. Upande wetu huu wa Biharamulo na Geita walikuwapo Warongo, mafundi wa chuma ambao majembe yao yalitumika mbali na kwao. Sasa tanuri la namna hiyo haliwaki kwa pumzi ya mtu mmoja. Mivukuto lazima ifanye kazi saa nyingi bila kukoma, wavukutaji wakipokezana, na wimbo ukiwashikia mwendo. Mtu akisema jembe hili nimelitengeneza peke yangu, wenzake wasingemwita shujaa. Wangemwuliza kama anaumwa.

Nirudi kwenye baiskeli. Nilipotoka chuo cha ualimu, kitu cha kwanza cha maana nilichonunua kwa mshahara kilikuwa Phoenix nyeusi kutoka China. Chuoni tulikuwa tumesomeshwa Elimu ya Kujitegemea, maandishi ya Mwalimu Nyerere yaliyotolewa Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha. Nilidhani ninayaelewa. Niliyaelewa zaidi katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa zilipoadimika na tairi jipya likawa jambo la kuandikia barua na kungojea. Tulishona matairi kwa uzi wa nailoni. Tyubu kuukuu tuliikata viraka. Gololi za ekseli tulizitoa moja moja, tukaziosha kwa mafuta ya taa, tukazihesabu kama mahari, maana ikipotea moja gurudumu lilianza kuyumba. Grisi ilipokosekana tulipaka mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini za malori.

Shida hiyo niliigeuza somo. Niliiweka baiskeli juu chini mbele ya darasa, ikasimama kwa tandiko na usukani, watoto wakaizunguka. Mmoja atoe tairi bila kuijeruhi tyubu. Mwingine aitumbukize tyubu kwenye beseni la maji atafute mapovu. Wa tatu akwangue, apake solusheni, na sasa lije jambo gumu kwa mtoto, yaani kungoja. Anayebandika kiraka kabla solusheni haijashika hurudi nyumbani kwa miguu. Niliwaambia kwamba kukijua chombo kinachokubeba ndiko mwanzo wa kujitegemea, na mpaka leo nasema hivyo. Lakini hebu tazama ujuzi huo umetoka wapi. Mimi nilifundishwa na fundi mmoja wa chini ya mwembe ambaye hakuwahi kuingia darasani. Hakunidai senti. Alinidai tu nisimwage gololi zake.

Jambo kama hilo limetokea mbali pia. Baiskeli za milimani anazozipenda mjukuu wangu zilizaliwa California, kwenye mlima Tamalpais, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko waliokota baiskeli nzito za zamani za Kimarekani, zenye matairi manene na breki ndani ya habu ya nyuma, wakashindana kuteremka nazo njia za udongo. Habu ilipata moto kiasi kwamba grisi iligeuka moshi, ikabidi baada ya kuteremka waifungue na kuipakia grisi upya. Mbio zao za kwanza za mwaka 1976 zilipewa jina la kazi hiyo, Repack. Kutoka hapo wakaanza kuongeza gia, kubadili breki, kuunda fremu mpya, huyu akimpa mwenzake kifaa na yule akimwonyesha alichogundua. Mwaka 1996 mchezo wao uliingia katika Olimpiki ya Atlanta. Sidhani kama yuko mmoja kati yao anayeweza kusema kwa haki kwamba baiskeli hiyo niliivumbua mimi peke yangu.

Sasa twende kwenye mlima wa kwetu. Atakayekuja Kaniha siku ya gulio ataona jinsi baiskeli ya mzigo inavyopandishwa. Mikungu ya ndizi, mkaa au mahindi hufungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na fimbo huongezwa ili msukumaji aweze kuiongoza akiwa pembeni. Mtu hapandi. Anatembea ameinama, bega likiegemea mzigo. Mwinuko ukizidi, yeyote anayepita hutia mikono nyuma na kusukuma. Hakuna anayeomba, na hakuna anayeuliza bei. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwenye baiskeli hawezi kugeuka kutazama. Akigeuza shingo tu, usukani unalala na mzigo unaangukia mtaroni. Kwa hiyo husema asante akiangalia mbele, kwa mtu asiyemwona. Mlima ukiisha, mikono ya nyuma huachia na kuendelea na safari yake. Mara nyingine mtu husukumwa asimjue kabisa aliyemsukuma.

Nadhani hiyo ndiyo picha ya kweli ya maisha ya mtu yeyote aliyefanikiwa. Tofauti iko kwa wale wanaosema asante wakiangalia mbele na wale wanaodhani kwamba ghafla mlima umelainika.

Lakini lipo jambo linalotufanya tusiisikie mikono hiyo, nalo ni fedha. Zamani nyumba ikijengwa hapa, watu walikuja na miti, nyasi na kamba, na mwenye nyumba alijua kila ukuta umeshikwa na nani. Leo mwenye uwezo huajiri vibarua. Nyumba inakwisha upesi na pengine kwa unyofu zaidi, naye husema kwa fahari, "Sikumsumbua mtu." Lakini alisumbua watu kumi na wawili! Aliwalipa, na malipo ni jambo jema na la haki, ila malipo hayafuti ukweli kwamba bila mikono ile angelala nje. Mjane jirani yake, ambaye shamba lake limelimwa na majirani kwa msaragambo, huitwa tegemezi. Kwa nini? Wote wawili wametegemea watu. Mmoja alikuwa na noti, mwingine alikuwa na miaka ya kuwalimia wengine, na hiyo nayo ilikuwa akiba. Azimio la Arusha lilituonya mwaka 1967 tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, kwa kuwa msingi ni watu na ardhi, pamoja na siasa safi na uongozi bora. Tumelisoma sana onyo hilo kama siasa ya nchi. Tungelisoma pia kama onyo kwa moyo wa mtu mmoja mmoja, kwamba fedha ina uwezo wa kumfanya mtu asiwaone watu wanaomwezesha kusimama.

Mwenye kunipinga atasema, na ana haki, kwamba maneno haya ni mlango wa uvivu. Yuko mtu asiyejifunza kuziba pancha miaka kumi, kila siku akingoja jirani. Nakubali kwamba huyo ni mzigo, na wahenga walikwisha kumjibu waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini angalia tena mlima wetu. Hakuna anayesukuma baiskeli ambayo mwenyewe amekaa kivulini. Mikono ya nyuma huja kwa mtu ambaye bega lake tayari liko kwenye mzigo. Bidii haipingani na msaada. Bidii ndiyo inayouonyesha msaada mahali pa kushika. Na aliyejifunza kuitengeneza baiskeli yake hujiondoa katika orodha ya wanaosubiri na kuingia katika ile ya wanaoweza kusimama kando ya barabara na kumwambia mwenzao, "Lete spana." Kwangu mimi, faida kubwa ya kujitegemea iko hapo.

Vilevile ziko nyakati ambazo hata bidii haitoshi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Watu wengi wa wilaya zetu mbili wanazikumbuka siku zile na miaka iliyofuata. Kati ya wale waliovuka kulikuwa na wakulima, walimu na mafundi, watu waliokuwa wakijitegemea wiki chache tu nyuma. Ujuzi wao haukuwa umewatoka. Kilichowatoka ni mahali pa kuutumia. Tangu wakati huo sijaweza kumtazama mtu anayesaidiwa nikafikiri kwamba yeye ni aina nyingine ya mtu.

Yote haya ningeyaacha yawe mawazo ya barazani kama umri usingenifikisha mahali pa kuyatolea hesabu. Magoti yangu yalistaafu baada yangu. Kila mwezi napaswa kwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu, na baiskeli siwezi tena kuipanda wala kuisukuma mlimani. Kijana mmoja wa jirani hunichukua kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa. Tukifika kwenye mwinuko, nikitaka kushuka, husema, "Mwalimu, kaa tu," naye hushuka akanisukuma nikiwa nimekaa juu kama mkungu wa ndizi. Mwaka wa kwanza nilimpa shilingi 2,000. Alizirudisha kwa mikono miwili.

Nimejiuliza kwa nini nilitamani sana azipokee. Haki ilikuwa sehemu ya sababu, kwa kuwa nusu ya asubuhi yake inapotea. Lakini haki haikuwa sababu yote. Kama angezipokea, jioni ile tungekuwa tumemalizana, nami ningerudi kuwa mwalimu mkuu asiyedaiwa na mtu. Alipokataa, aliniacha na deni, na deni kwa mtu mwenye miaka zaidi ya 70 ni kitu kizito, kwa sababu hajui kama atapata muda wa kulilipa. Ni vigumu zaidi kukaa juu ya keria kuliko kusukuma. Anayesukuma anaona nguvu zake. Aliyekaa anauona udhaifu wake, na mlima wote ameshikilia tandiko la mtu mwingine.

Hatari nyingine iko upande wa pili. Mzee anaweza kuufanya uzee wake kuwa hati ya kuwatumia vijana bila kuwahesabia hasara. Heshima ya namna hiyo ni kodi iliyovishwa kanzu. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Humwuliza kijana siku gani inamfaa, wala siendi siku ya gulio wala wakati wa kupalilia. Naye, bila kuambiwa, huniletea gurudumu lake linapopinda. Macho yangu yamefifia, lakini spoku husikika. Nazigusa kwa kidole moja baada ya nyingine. Iliyokazwa hulia kwa sauti ya juu, iliyolegea hujibu kama mtu mwenye usingizi. Nakaza hii robo mzunguko, nalegeza ile, mpaka rimu ipite katikati ya breki bila kugusa. Sisemi kwamba kwa kufanya hivyo nimelipa. Sitaki tena kulipa. Nataka tubaki tunadaiana, maana majirani wasiodaiana chochote wanaweza kuhama bila kuagana.

Mjukuu wangu nimemwambia aitii sheria ya mbio zake. Ameiahidi, na mtu hutimiza alichoahidi. Abebe vifaa vyake, azibe pancha zake gizani, na shangazi abaki nyumbani na chapati zake. Lipo jema katika kuijua nafsi yako mahali ambapo hakuna wa kuipigia makofi. Nimemkumbusha pia habari za yule Mike Hall. Mwezi wa Machi 2017 aligongwa na gari akafa karibu na Canberra, akiwa katika mbio za kuivuka Australia, mbio za kila mtu peke yake. Mashindano yalisimamishwa, na waliokuwa wakishindana walikusanyika na kupanda baiskeli pamoja kwa kumbukumbu yake. Hata watu walioitunga sheria ya kuwa peke yako walijua mahali inapokoma.

Nilimwambia neno moja zaidi. Akimaliza, kabla ya kuwaambia watu kwamba alifika peke yake, akae chini ahesabu: nani alimfundisha kukaa juu ya tandiko, nani alichonga njia zile za porini kwa kwato za ng'ombe wake, nani alifua chuma, nani alilima ngano ya chapati aliyoinunua hotelini. Aliniuliza hesabu hiyo inaishia wapi. Nilimjibu kwamba haiishi, na kwamba ndiyo maana tunapaswa kuifanya tukiwa tunatembea, kama yule msukumaji wa Kaniha, macho mbele, mkono kwenye usukani, na asante mdomoni.